Nani Amelipia? Niliyojifunza kwa Kutafuta Filamu za Makala za Bure Mtandaoni

Nilianza kutafuta filamu za makala mtandaoni kwa ajili ya kikundi chetu cha kujisomea. Tulikuwa tumekubaliana kwamba kila tunapokutana tutajadili mada moja, iwe ya historia, mazingira, afya au siasa, na kwamba kabla ya kukutana kila mmoja awe ameshaitazama filamu ileile kwa wakati wake. Kazi ya kuzitafuta filamu nilikabidhiwa mimi, kwa sharti moja tu: asiwepo mwanachama atakayelazimika kulipa, kwa kuwa baadhi yetu hawana kipato cha kuaminika na hatukutaka mtu akae kimya kwenye mjadala kwa sababu ya pesa. Kwa jinsi mtandao ulivyojaa video, kazi hiyo ilionekana nyepesi. Haikuwa hivyo, na kabla njia haijaninyookea tulipoteza muda, data na, kwa mmoja wetu, fedha taslimu.

Njia ya kwanza ndiyo ambayo karibu kila mtu huifuata. Unaandika jina la filamu kwenye kisanduku cha kutafutia, unaongeza maneno “tazama bure”, kisha unafungua matokeo ya juu. Kurasa zinazojitokeza hufanana sana: picha kubwa ya filamu, alama ya pembetatu katikati, na chini yake maoni ya watu wanaoshukuru kwa kuipata. Ukibonyeza ile pembetatu, unafunguka ukurasa wa kamari. Ukirudi na kubonyeza tena, unatokea ujumbe kwamba simu yako ina virusi. Mara ya tatu unaambiwa ubonyeze “Ruhusu” ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti, na ukivuka hapo unaombwa ufungue akaunti ya bure, ambayo hata hivyo inataka namba ya kadi ya benki “kwa uhakiki tu”.

Mwenzetu mmoja alibonyeza “Ruhusu”, na tangu siku hiyo simu yake ikawa inapokea matangazo ya kamari na picha za aibu mchana na usiku. Kumbe alikuwa ameiruhusu ile tovuti kumtumia arifa, basi. Dawa yake ilikuwa kuingia kwenye mipangilio ya kivinjari, kufungua sehemu ya arifa, na kuifuta tovuti ile kwenye orodha ya zilizoruhusiwa. Hapakuwa na virusi vyovyote vya kuondoa, wala haja ya kununua programu ya kuviondoa. Mwenzetu mwingine aliandika namba za kadi yake. Kipindi cha majaribio kilipokwisha alianza kukatwa fedha kila mwezi, naye akaona aibu kutuambia, hivyo makato yakaendelea mpaka alipopiga simu benki na kuifungia kadi hiyo. Namweleza hapa kwa ridhaa yake, kwa kuwa yeye mwenyewe anataka wengine wajue. Filamu iliyo halali kutazamwa bure haihitaji kadi ya benki, haihitaji programu ya ziada ya kuifungulia, wala haihitaji ruhusa ya kukutumia arifa. Ukiombwa mojawapo ya hayo matatu, funga ukurasa.

Baada ya hapo nilihamia YouTube, nikiamini kwamba huko angalau hakuna atakayeibiwa kadi. Hilo lilikuwa kweli, ila nilikuta tatizo la aina nyingine. Katika filamu moja ya historia niliona bango la mtaani ambalo herufi zake zilikuwa zimegeuka kama zionekanavyo kwenye kioo, na muda mfupi baadaye viongozi wawili wakasalimiana kwa mkono wa kushoto. Kingo za picha zilikuwa zimekatwa, kiasi kwamba majina ya waliohojiwa, ambayo huandikwa chini ya skrini, yalionekana nusu, na sauti ya msimulizi ilikuwa imepandishwa kidogo ikawa nyembamba isivyo kawaida. YouTube ina mfumo uitwao Content ID, ulioanza mwaka 2007, ambao hulinganisha video zinazopakiwa na kazi zilizosajiliwa na wenye haki, na watu wanaopakia kazi za wengine hugeuza picha, hukata kingo na kubadili kasi ya sauti ili mfumo huo usizitambue. Tulipokaribia kukutana, nusu ya wanachama wakaniandikia kwamba video imeondolewa. Mjadala wetu ukafanyika huku watu wengi hawajaona chochote, na nilisikitika kwa sababu mada yenyewe ilikuwa nzito na tulikuwa tumeisubiri kwa hamu.

Siku hiyo ndipo nilipoacha kuuliza “inapatikana wapi bure?” nikaanza kuuliza “nani ameilipia?” Filamu ya makala ni kazi ya gharama: kuna utafiti, safari, wapiga picha, uhariri, na ada za kutumia picha za zamani zinazomilikiwa na wengine. Kama mimi silipi, basi yupo aliyelipa, na ukishamjua unapata majibu manne kwa mpigo: nakala halali ipo wapi, itadumu hapo muda gani, nani anaruhusiwa kuitazama, na uitazame kwa jicho gani. Tangu hapo kila ninachokifanya kinaanzia kwenye majina yanayopita mwishoni mwa filamu au kwenye tovuti ya mtayarishaji, na ni mara chache sana natafuta kwa neno “bure”.

Wafadhili walio rahisi kufuatilia ni walipa kodi. Canada ilianzisha bodi yake ya taifa ya filamu mwaka 1939, na kiongozi wake wa kwanza alikuwa John Grierson, Mskoti ambaye tayari alikuwa amejijengea jina Uingereza kwa filamu za aina hii. Mwezi Januari 2009 bodi hiyo, National Film Board of Canada, ilifungua ukumbi wake wa mtandaoni, na leo maelfu ya filamu zake, fupi na ndefu, za Kiingereza na Kifaransa, zinatazamika bila malipo. Kwa kikundi chetu lilikuwa jambo la kufariji kufungua ukurasa, kubonyeza pembetatu, na filamu ikaanza. Zipo humo filamu za uvuvi, za watu wa asili wa kaskazini, za migodi, za uzee na za malezi, na nyingi ni fupi kiasi cha kumfaa mtu aliyetoka kazini akiwa amechoka. Ukurasa wa kila filamu huonyesha jina la mwongozaji, mwaka na urefu wake, mambo ambayo kurasa za maharamia huyakosea au huyaacha.

Kundi la pili ni vituo vya utangazaji vinavyogharimiwa na umma au na serikali. Kipindi cha Frontline cha mtandao wa PBS wa Marekani, kilichoanza mwaka 1983, kinaweka filamu zake nyingi kwenye tovuti yake na kwenye YouTube, na kwa nyingi kinaweka pia maandishi kamili ya yaliyosemwa. DW ya Ujerumani, Al Jazeera English na BBC Africa Eye wana chaneli zao wenyewe huko YouTube, na ARTE ya Ufaransa na Ujerumani hutoa filamu kwenye tovuti yake kwa lugha kadhaa za Ulaya. Hapa jambo la kujifunza ni tarehe. Kituo kinaponunua filamu kutoka kwa mtayarishaji wa nje, mara nyingi kinanunua haki ya kuionyesha kwa muda fulani tu, na muda ukiisha filamu huondolewa hata kama kila mtu anaipenda. ARTE huandika kwenye ukurasa wa filamu tarehe ya mwisho ya kuitazama. Wengine huificha mahali pasipoonekana upesi. Kwa hiyo nina desturi ya kuisoma tarehe hiyo kabla sijapendekeza filamu kwa kikundi. Filamu ambayo kituo kimeitengeneza chenyewe hukaa muda mrefu zaidi kuliko iliyonunuliwa, na tofauti hiyo unaiona kwenye maandishi ya mwishoni.

Kisha kuna mipaka ya nchi. Mara kadhaa nilikuta filamu niliyoitafuta kwa bidii, kwenye tovuti ya mwenye haki kabisa, halafu skrini ikawa nyeusi na ujumbe mfupi kwamba video haipatikani katika eneo langu. Sitaficha kwamba nilikasirika, kwa sababu baadhi ya filamu hizo zilihusu maisha ya watu ambao wao wenyewe wasingeweza kuzitazama. Sababu yake ni ya kibiashara: haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi, na kituo kilicholipia nchi moja hakina ruhusa ya kuirusha nyingine. Watu wengi hushauri VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye mitambo ya nchi nyingine ili uonekane uko huko. Mimi niliamua kutoitumia kwa kazi ya kikundi, kwanza kwa kuwa masharti ya huduma nyingi yanakataza kukwepa mipaka hiyo, na pili kwa kuwa VPN ya bure nayo ina mlipaji wake, na anayepitisha mawasiliano yako yote kwenye mitambo yake bila kukudai chochote huenda anajilipa kwa kuuza taarifa zako. Kinachosaidia zaidi ni kuangalia kama filamu ileile ilitayarishwa kwa ubia. Filamu ya makala yenye washirika wa nchi tatu au nne ni jambo la kawaida sana, na mara nyingine aliyefunga mlango ni mmoja huku mwenzake ameuacha wazi.

Hazina kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kumbukumbu za zamani, ambako muda wa hakimiliki umekwisha au haukuwepo tangu mwanzo. Kwa sheria ya Marekani, filamu zilizotolewa kabla ya mwaka 1978 hulindwa kwa muda usiozidi miaka 95, hivyo kila tarehe 1 Januari filamu za mwaka mmoja zaidi huwa mali ya umma. Zile za mwaka 1929 zilifunguka mwaka 2025. Kazi zilizotengenezwa na watumishi wa serikali kuu ya nchi hiyo wakiwa kazini hazina hakimiliki nchini humo, na ndiyo sababu picha za NASA na filamu nyingi za jeshi za wakati wa vita zimetapakaa kila mahali. Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, inahifadhi maelfu ya filamu za namna hii, ukiwemo mkusanyiko wa Rick Prelinger wa filamu za viwandani, za mashuleni na za matangazo. Mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani ilichukua mikanda halisi ya mkusanyiko huo. Mwaka 2014 British Pathé nayo ilipakia YouTube filamu zake za habari zipatazo 85,000.

Kinachonivutia Internet Archive ni kwamba inakuruhusu kupakua. Kwenye ukurasa wa filamu kuna orodha ya namna za faili, na ukifungua kila namna unaona ukubwa wake kabla hujaanza, kwa hiyo unaweza kuchagua faili dogo, ukalihifadhi mahali penye intaneti ya bure, na ukatazama nyumbani bila kutumia data. Lakini lazima niseme jambo moja: mtu yeyote anaweza kupakia kitu huko, na kuwepo kwa filamu mpya kwenye hifadhi hiyo si ushahidi kwamba ni ya bure. Angalia nani aliyeipakia na iko katika mkusanyiko upi. Filamu ya juzijuzi iliyopakiwa na akaunti isiyo na jina haina tofauti na ile ya herufi zilizogeuka. Na hata filamu ya zamani iliyo mali ya umma inaweza kuwa na muziki mpya uliotungwa kwa ajili ya toleo lililosafishwa, na muziki huo una mwenyewe.

Kwenye kumbukumbu hizo ndipo swali la mlipaji lilipotufundisha kutazama. Tulichagua “Nanook of the North” ya Robert Flaherty, ya mwaka 1922, kwa kuwa ni mali ya umma nchini Marekani na wengi huihesabu miongoni mwa filamu ndefu za kwanza za aina hii. Kuna sehemu mwindaji, mwenyeji wa kaskazini mwa Canada, anaonyeshwa gramafoni kwenye kituo cha biashara, naye anaitia sahani ya muziki mdomoni na kuiuma, kana kwamba hajawahi kuona kitu cha namna ile. Mtu huyo jina lake halisi lilikuwa Allakariallak. Wawindaji wa eneo lake walikuwa tayari wanatumia bunduki, ila mbele ya kamera waliwinda kwa zana za zamani, na nyumba ya barafu ilijengwa bila upande mmoja ili mwanga uingie. Aliyelipia filamu ilikuwa Revillon Frères, kampuni ya Kifaransa ya biashara ya manyoya, na kituo kile cha biashara ni cha aina ileile iliyokuwa ikinunua ngozi kutoka kwa watu hao. Tuliirudia sehemu ya gramafoni tukiwa na maarifa hayo, na mjadala uliofuata ulikuwa bora kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo. Wapo waliosema filamu haina thamani tena. Mimi nilitetea kwamba ina thamani kubwa, mradi mtazamaji ajue nani alishika kamera na kwa fedha za nani.

Tangu hapo tunauliza hivyo hata kwa filamu za sasa. Filamu ya mazingira “Home” ya Yann Arthus-Bertrand iliwekwa YouTube bila malipo tarehe 5 Juni 2009, siku ya kutolewa kwake, na iliyogharimia ni PPR (siku hizi inaitwa Kering), kampuni kubwa ya Kifaransa ya bidhaa za kifahari. DW inalipwa na serikali ya Ujerumani, Al Jazeera inafadhiliwa na Qatar. Hakuna kati ya hayo kinachoifanya filamu kuwa ya uongo, na mimi nazipenda kadhaa kati ya hizo. Ila mtazamaji anayejua mlipaji husikia pia mada ambazo hazikuguswa.

Njia ambayo wengi huipita bila kuiona ni maktaba. Kanopy, huduma iliyoanzia Australia mwaka 2008, hutoa filamu kwa wanachama wa maktaba za umma na wa vyuo vikuu vilivyojiunga nayo, nawe unaingia kwa kadi ya maktaba bila kulipa. Anayelipa ni maktaba, mara nyingi kwa kadiri filamu zinavyotazamwa, na ndiyo maana huwekewa kikomo cha mwezi. Usifungue filamu kwa ajili ya kuionja tu. Kama wewe ni mwanafunzi au mwajiriwa wa chuo, muulize mkutubi kabla ya kutafuta kwingine kokote, kwa kuwa vyuo vingi hulipia huduma za filamu ambazo wanafunzi wao hawajui kuwa zipo.

Sasa data, kwa kuwa filamu ya bure inaweza kukugharimu kifurushi kizima. Hesabu yake ni rahisi: video inayotumia megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. YouTube hupendekeza kasi ya megabiti 0.7 kwa ubora wa 360p, 1.1 kwa 480p na 5 kwa 1080p, kwa hiyo filamu ya dakika 90 inaweza kula chini ya megabaiti 500 kwenye 360p na zaidi ya gigabaiti 3 kwenye 1080p. Kwenye skrini ya simu, filamu ambayo sehemu kubwa ni watu wanaozungumza hainipotezei chochote kwenye 360p. Filamu ya wanyama au ya bahari ni kitu kingine, na hiyo huisubiri mpaka nipate intaneti isiyopimwa. Zima pia uchezaji wa moja kwa moja wa video inayofuata, maana mtu akisinzia data huendelea kuliwa.

Kuhusu lugha, wengi wetu tunasoma Kiingereza vizuri kuliko tunavyokisikia. Manukuu, yaani maandishi ya maneno yanayosemwa, yalitusaidia sana, na YouTube inaweza kuyatafsiri kwa Kiswahili kwa mashine: fungua alama ya gurudumu, chagua manukuu, kisha tafsiri ya kiotomatiki. Tafsiri hiyo hubeba maana ya jumla, lakini huharibu majina ya watu na huchanganya namba, na katika filamu ya historia mwaka ukikosewa hoja yote huanguka. Kila tarehe au kiasi tunachotaka kukitumia kwenye mjadala tunakihakikisha kwenye manukuu ya lugha ya asili, na pale penye maandishi kamili ya filamu, kama Frontline wanavyofanya, tunayasoma hayo.

Jambo la mwisho tulilokutana nalo lilikuja tulipotaka kutazama pamoja, kwenye ukuta mmoja, na kuwaalika watu wengine. Ruhusa ya kutazama bure nyumbani si ruhusa ya kuonyesha mbele ya hadhira. Hizo ni haki mbili tofauti, na hata taasisi za umma zinazotoa filamu bure kwa mtu binafsi huweza kutaka leseni kwa maonyesho ya kikundi. Filamu zilizokwisha kuwa mali ya umma hazina tatizo hilo, mradi muziki wake nao usiwe na mwenyewe. Kwa nyingine, nilianza kuwaandikia watayarishaji moja kwa moja kupitia anwani zilizo kwenye tovuti zao. Barua huwa fupi: sisi ni nani, tutakuwa wangapi, tutaonyesha lini, hakuna kiingilio, na tunataka kujadili nini. Si wote wanaojibu. Wanaojibu huwa wakarimu kuliko nilivyotarajia, hasa filamu ikiwa imeshamaliza mzunguko wake kwenye matamasha. Hutuma kiungo chenye nenosiri na kuomba tu kisisambazwe, na mwongozaji mmoja aliomba tumwandikie baadaye watu walisema nini. Tulimtumia muhtasari wa mjadala, pamoja na pingamizi mbili ambazo wanachama walikuwa nazo kuhusu filamu yake, naye akajibu zote mbili kwa kirefu.